Tandiko la Babu na Viti Kumi na Viwili

Jumatatu, 7 Machi 2016

Mvua tangu alfajiri. Nimeshona viti viwili vya pikipiki kabla ya adhuhuri. Vyeusi vyote, kazi ya kawaida. Sponji mpya, ngozi ya plastiki juu yake, pini chini. Mgongo unauma. Macho bado yapo.

Mchana nimechora. Tandiko tena. Nimelichora tandiko la babu mara nyingi kuliko uso wa mtu yeyote. Babu alikuwa askari wa nyumbu, mtu wa kupandisha mizigo ya jeshi milimani, na alituachia kitu kimoja tu: tandiko la ngozi lenye nakshi ukingoni. Maumbo kumi na mawili ya almasi, jekundu, la njano, jekundu, la njano. Matamvua chini. Lenyewe liko Bwera kwa dada yangu Hadija. Mimi ninalo kichwani. Miaka yote niliyofundisha sanaa nililichora ubaoni, ili watoto waelewe pambo ni nini. Ni kitu cha kukalia, niliwaambia, lakini aliyekitengeneza hakukubali kiwe cha kukalia tu.

Jioni amepita Masereka, mume wa binti yangu Zuhura. Yeye ni mwendesha bodaboda. Anasema alfajiri risasi zilisikika upande wa Muhokya. Kituo cha polisi. Hajui zaidi. Nami sikutaka ajue zaidi.

Jumanne, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Hakuna aliyecheza ngoma. Maduka yamefungwa nusu mlango.

Habari imefika kwa vipande. Watu wenye silaha walikuja kwa pikipiki. Wakakimbia. Pikipiki moja imeokotwa kichakani, haina mtu. Muuza mkaa aliyeiona anasema kiti chake kina almasi nyekundu na za njano pembeni.

Nimemwambia arudie. Akarudia.

Ni kazi yangu. Hakuna mwingine mjini anayeshona hivyo. Zuhura alipoolewa mwaka juzi, vijana kumi na wawili wa steji ya Masereka, kituo chao cha bodaboda, yeye akiwamo, walimsindikiza bibi harusi kwa pikipiki, kama ilivyo desturi yao siku hizi. Nikawapa zawadi: viti kumi na viwili, vyote na ukingo wa tandiko la babu. Walipita mjini kama kikosi cha wapanda farasi. Nilijisifu wiki nzima.

Naogopa. Niliandike hivyo hivyo, bila kulipamba.

Jumatano, 9 Machi

Kizuizi kipya barabarani, kwenye njia ya kutokea mjini. Wanajeshi wanatazama viti, si nyuso. Kijana mmoja wa steji amechaniwa kiti chake kwa kisu cha bunduki, sponji yote ikamwagika kwenye lami. Waliona almasi wakasema ni alama. Alama ya nani, hawakusema. Ameachiwa baada ya makofi mawili.

Masereka alikuja na bisibisi mkononi. Alitaka kukivua chake hapa hapa uani.

Nikamkataza. Nilimweleza kwa utulivu, kama ninavyoeleza kila kitu. Kiti kilichovuliwa jana kinauliza swali leo. Kila mtu mjini ameviona viti hivi miaka miwili. Ukikivua sasa, utaonekana una la kuficha. Kiache. Asiye na kosa apite na kitu chake wazi.

Alinisikiliza. Kijana mwenye heshima. Akarudisha bisibisi mfukoni.

Alhamisi, 10 Machi

Wamemchukua Masereka.

Saa tatu asubuhi, kizuizini, akiwa amepakia mwanamke na ndoo ya nyanya. Mwanamke wamemwacha. Nyanya alizibeba kichwani akaja kumwambia Zuhura.

Zuhura hakulia. Alisimama mlangoni kwangu akiwa na mtoto mgongoni akasema, “Baba, bisibisi alikuwa nayo. Wewe ndiye ulimwambia asivue.”

Ni kweli.

Siwezi kula.

Ijumaa, 11 Machi

Baada ya swala nimekwenda kwenye kambi ya jeshi, ile ya mahema nje ya mji, walikompeleka Masereka. Kanzu safi, barua ya mwenyekiti wa kijiji mkononi: siku ya risasi Masereka alikuwa nyumbani, mtoto ana homa, majirani walimwona. Askari wa getini aliisoma kichwa chini miguu juu, au alijifanya. Akaniambia, “Mzee, barua kila mtu iko nayo. Afande anataka kujua ile alama. Kuja Jumatatu. Leta kitu ya kuonyesha.”

Kitu cha kuonyesha ninacho. Daftari langu la michoro. Ukurasa wa kwanza ni tandiko, nililolichora nikiwa mwanafunzi, na tarehe chini kwa wino. Litathibitisha kwamba pambo hili ni la zamani kuliko ugomvi wowote wa leo. Nilitembea kurudi nyumbani karibu na furaha.

Kisha nikaufungua ukurasa na kuugeuza.

Niandike jambo ambalo sijamwambia mtu. Viti kumi na viwili havifanani. Kila kimoja nilikiachia almasi moja tupu, bila rangi, mahali pake. Cha Masereka, bwana harusi, ni ya kwanza. Cha wa pili, ya pili. Mpaka ya kumi na mbili. Nilijua vijana watavichanganya kwenye kuosha pikipiki, watagombana, wataniletea kesi. Na waliniletea. Nilitazama mara moja nikasema hiki chako, hiki chake. Walidhani ni jicho la mwalimu. Nikawaacha wadhani. Kiburi kidogo, kwa nani kingekuwa na madhara?

Orodha ya majina kumi na mawili, kila jina na namba yake na almasi yake, niliiandika nyuma ya ule mchoro wa ujana wangu. Karatasi ilikuwa haba siku ile.

Ukurasa utakaomtoa Masereka una majina ya wenzake wote mgongoni. Mtu mwenye bunduki hataona zawadi za harusi. Ataona orodha ya kikosi na alama ya kila mtu.

Nimeliweka daftari ndani ya gunia la mchele. Nikalitoa. Nikalirudisha.

Jumamosi, 12 Machi

Bwera. Nimekuja na lori la rafiki yangu anayepeleka chumvi Mpondwe. Vizuizi vitatu. Niliogopa kwenye kila kimoja, ingawa sikuwa nimebeba chochote ila kofia na dawa za presha.

Nimelifuata tandiko lenyewe. Ngozi haina mgongo wenye majina.

Dada yangu Hadija anauza vitenge sokoni mpakani. Ameishi na wateja wa upande wa pili mpaka ulimi wake umehama. Aliponiona tu: “Kaka, unakonda kama mutu ya kufunga Ramadhani miezi tatu. Kaa. Kula kwanza, kuogopa iko pale, haitakimbia.”

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Tandiko lilikuwa chini ya marobota ya vitenge, limefungwa shuka. Sikuwa nimelishika miaka mingi. Dogo kuliko ninavyolichora. Ngozi imekauka kama ganda la ndizi, matamvua mengine yameliwa na panya, lakini rangi ipo. Nikalipeleka mlangoni penye mwanga.

Almasi ya tano, upande wa kushoto, haina rangi. Ngozi tupu. Si kwamba imepauka. Hakuna tundu la sindano, hakuna alama ya rangi. Fundi hakuijaza.

Nilikaa chini. Miaka arobaini na zaidi nimelichora tandiko hili na kila mara niliijaza ile almasi. Nilimsahihisha fundi bila kumwuliza. Na nilipoacha zangu tupu kwenye viti, nilidhani ni ujanja wangu mwenyewe. Labda jicho la utotoni liliiona na halikuniambia.

Hadija aliuliza kama nalia. Nikamwambia vumbi. Akasema, “Ile vumbi ya vitenge yangu ni ya bei kali, lia polepole.”

Jumapili, 13 Machi

Nimerudi nyumbani Kasese, tandiko guniani. Kwenye kizuizi cha pili askari kijana akafungua gunia.

“Hii ni nini?”

“Tandiko la nyumbu, afande.”

“Na nyumbu iko wapi?”

“Alikufa kabla sijazaliwa.”

Akawaita wenzake waje kuona mzee anayesafiri na kiti cha nyumbu aliyekufa. Wakacheka sana. Mmoja akalikalia juu ya mifuko ya mchanga akajifanya anaendesha. Nilicheka nao.

Alasiri nimeuchana ule ukurasa nikauchoma kwenye jiko la Zuhura. Mchoro mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Penseli ya kwanza nzuri niliyomiliki. Uliungua haraka.

Lakini majina hayakuungua. Ninayo kichwani, kama tandiko. Wa kwanza, Masereka. Wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Kesho nitaingia pale nikiwa mimi ndiye ukurasa.

Jumatatu, 14 Machi

Niandike yote kabla hayajachanganyika.

Afande ni mtu wa makamo, mpole wa sauti. Hilo lilinitisha zaidi. Mezani palikuwa na viti viwili vya pikipiki. Pembeni askari mwingine na kalamu. Nikaliweka tandiko katikati.

Akalitazama muda mrefu. “Hii ni ya miaka ngapi?”

Nikamwambia ninavyojua. Babu, nyumbu, milima. Akapitisha kidole kwenye almasi za tandiko, kisha kwenye almasi za kiti. Akaitikia kwa kichwa polepole. Nikaona kwamba ameelewa: pambo hili si la wale anaowatafuta. Nilitaka kusimama na kuondoka wakati huo huo.

“Sasa kuja hapa, mzee. Hii kiti ni ya mkwe wako. Hii ingine tumetoa kwa ile pikipiki ya Muhokya. Vijana wanasema wewe unajua kila kiti na mwenyewe. Hii ni ya nani?”

Nilishaona. Niliona tangu nilipoingia. Almasi ya tisa, tupu. Bwambale.

Bwambale ndiye aliyembeba bibi harusi siku ile, kwa sababu ndiye mwangalifu kuliko wote. Ananiletea maji ya kisima bomba likikauka. Mama yake ni mjane, analima maharagwe Bwesumbu. Sijamwona Bwambale tangu Jumapili ile, siku moja kabla ya risasi, na sikuwa nimeliruhusu jambo hilo likae moyoni mpaka dakika ile. Alikwenda kwa hiari? Walimnyang'anya pikipiki? Sijui. Mimi ni mtu wa kujua mambo na hili silijui.

Nilifikiri: nikitaja jina, Masereka anatoka leo. Naliandika kwa sababu nililifikiri. Jina lilifika mpaka kwenye meno.

Nikasema, “Naijua kazi yangu, afande. Vyote viwili nimevishona mimi. Nani anavikalia, sijui; vijana wanabadilishana, wanauziana.”

Alinitazama. Kisha akainama juu ya viti na nikajua nimemdharau bure. Ana jicho. “Hapa moja haina rangi. Na hii ya mkwe wako pia iko na moja haina rangi, lakini si pahali pamoja. Kwa nini?”

Nikaligeuza tandiko upande wa kushoto. Nikamwonyesha ya tano. “Na hili lina moja, afande. Tazama.”

Akatazama. Nikaanza kueleza. Nilieleza jinsi jicho linavyotembea juu ya ukingo wa pambo. Kwamba jekundu na njano vikifuatana bila kikomo jicho linachoka, linateleza, halioni tena. Kwamba fundi mwerevu huliachia jicho mahali pa kupumzika. Kwamba mahali hapo hapafai kuwa katikati, wala kuwa pale pale kila mara, kwa sababu kiti cha pikipiki si kama tandiko, mpanda hukaa mbele, abiria nyuma, nguo huziba upande huu au ule. Nikaeleza rangi ya moto na rangi ya baridi. Nikaomba kalamu ya yule askari nikachora mezani juu ya gazeti. Nikaeleza matamvua. Nikaeleza kwa nini ngozi ya ng'ombe hushika rangi kuliko ya mbuzi. Kila nilichosema ni kweli. Nilikifundisha miaka mingi. Sikusema tu kwamba si sababu.

Na nilipokuwa nikieleza nilikishika kile kiti cha tisa, nikakigeuza juu chini, nikapitisha mkono kote kama ninayeonyesha mshono.

Askari mwenye kalamu akapiga miayo. Afande akainua mkono.

“Mzee. Ulikuwa unafundisha watoto hivi?”

“Ndiyo, afande.”

“Pole yao. Basi. Enda nyumbani. Chukua kiti yako ya nyumbu.”

Na Masereka? Tutaona, alisema. Tutaona.

Zuhura aliniuliza kilichotokea. Nikamwambia nimeeleza. Akasema, “Hilo nalijua, Baba. Lakini umesema nini?”

Jumanne, 15 Machi

Hakuna habari. Mwanangu anakaa barazani akitazama barabara, nami nakaa ndani nikijua ningeweza kumtoa mumewe kwa neno moja. Bado ningeweza. Kambi haiko mbali.

Nimevaa viatu mara mbili. Nimevivua mara mbili.

Jumatano, 16 Machi

Masereka yuko nyumbani.

Saa kumi jioni, kwa miguu, bila pikipiki. Midomo imepasuka, anatembea kwa kuegemea upande. Barua ya mwenyekiti ilisomwa hatimaye, na yule mwanamke wa nyanya alikwenda mwenyewe getini kumsemea. Mimi na tandiko langu, sijui tulisaidia kiasi gani. Waliomwachia walimwambia tu: “Mkwe wako anaongea sana.”

Alinishika mkono kwa mikono miwili, kama kawaida yake. Ningependa angenikasirikia. Nilimwomba msamaha wa lile la bisibisi. Akasema, “Baba, wacha. Mimi nilikuwa na masikio yangu.”

Akauliza kile kiti kingine kilikuwa cha nani. Nikamwambia sikukitambua. Hakuuliza tena. Nadhani naye anajua nani hayupo steji.

Jumamosi, 19 Machi

Steji imeamua. Viti vyote virudi vyeusi. Tangu jana wananiletea na mimi nafumua. Kufumua ni kazi ya polepole kuliko kushona, uzi mmoja mmoja, kwa wembe, ngozi isitoboke. Wanakaa uani wakisubiri zamu, wanataniana kidogo. Mmoja amesema pikipiki yake sasa inaonekana mjane. Kizuizi bado kipo. Wanapita bila kusimamishwa.

Vipande vya almasi vimejaa kikapu. Nimefumua tisa. Kimoja kilichanwa na kisu. Cha Masereka kimebaki kambini.

Cha mwisho ni kile chenye almasi ya tisa tupu, nacho kiko kambini, na mwenyewe haonekani.

Jumapili, 20 Machi

Mvua kidogo, kisha jua. Mlima umeonekana mpaka juu.

Mama yake Bwambale amekuja kutoka Bwesumbu. Ameniletea maharagwe mabichi ndani ya kitambaa. Hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye mkeka, mkabala na mlango. Hana habari ya mwanawe siku kumi na tatu. Wengine wanamwambia amevuka mpaka. Wengine hawamwambii kitu. Amesikia kwamba niliingia kambini na nikaonyeshwa kiti.

“Mwalimu, kilikuwa chake?”

Nilimwambia ndiyo. Afande nilimnyima, yeye siwezi. Kisha nikamwambia lile nililolitafuta kwa mkono siku ile, nilipokuwa nikijifanya naeleza mshono. Kiti kilikuwa kizima. Juu, pembeni, chini, mpaka kwenye sponji. Hakikuwa kimechanwa. Hakikuwa na damu.

Akaniomba nilirudie.

Nikalirudia, bila kuongeza kitu.

Alipoondoka nilimpa almasi mbili kutoka kikapuni, nyekundu na ya njano. Akazifunga kwenye pindo la leso.

Mchana nimechora tandiko. Limekaa dirishani, mara ya kwanza nalichora nikilitazama. Almasi ya tano nimeiacha tupu.